Sufuria za Halati Zuwena

Kwa rangi ya kucha, nyekundu,
aliyoiacha Maimuna siku alipoolewa Lamu,
Halati aliziandika namba sufuria zake,
moja hadi kumi na moja, chini ya ukingo,
kwa mkono wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.
Nne yake imegeuka, yaangalia nyuma.
Saba ina mkia mrefu kama ndoana.

Zilikaa chumba cha chini, Kibokoni,
pale wengine wangeweka mpangaji.
"Chumba hiki, Halati, kingekulipa kodi."
"Chanilipa," akasema,
akaendelea kuchambua mchele.

Mimi ndiye niliyeshika ufunguo.
"Kafungue, kuna msiba Majengo."
"Kafungue, kina Mwakio wa Tudor wanaoza."
Namba mbili iliipikia hata arusi ya jirani
ambaye hakumwamkia miaka mitatu
kwa ugomvi wa maji ya paa.
Nikamuuliza mbona haandiki nani kachukua nini.
"Sufuria haili wali, mwanangu.
Itashibia wapi huko? Itarudi."

Namba tisa ilirudi imebonyea ubavu.
Shekue, kijana wa watu, akasimama mlangoni
jasho lamtoka, maneno hayatoki,
na yalipotoka, Halati akawa kiziwi:
"Eti? Wasema chai? Ingia, chai ipo."
Uziwi wake ulikuwa wa namna hiyo:
ulimshika mtu anapoomba radhi,
ukapona papo hapo akiomba chakula.

Sitaki kumfanya malaika.
Alikuwa akinuna siku mbili, sababu huijui.
Alinichapa mwiko kwa kosa la Fumo,
na alipojua ni Fumo, hakusema kitu,
ila ukoko wa wali wa nazi, wote,
ukawa wangu hadi mwezi ukaandama.

Alifariki Jumatano,
siku ambayo mfereji ulitoa maji
baada ya siku kumi na mbili kavu.
Wanawake hawakujua wajaze au walie.
Walijaza huku wakilia.

Tukamzika Kikowani, alasiri.
Nikarudi na udongo kwenye kucha,
na mpishi, Shee Mbarak, akaniuliza:
"Sufuria ziko wapi?"
Nikafungua chumba.
Kulikuwa na namba tatu, na mende mmoja,
na duara za vumbi sakafuni, kubwa kwa ndogo,
kila duara mahali pa sufuria yake.
Nyingine zote zilikuwa kwa watu.
Nyumba ile, siku ile, ikaazima.

Kisha zikaanza kuja.
Namba kumi siku ya hitma, kichwani kwa hamali,
ndani kilo tano za mchele, jina hakuna.
Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, twajua,
lakini chombo cha kulisha watu mia
utakijaza nini wewe na hali yako?
Walitia walichokuwa nacho.
Vitumbua saba, vyabingirika chini kama mbaazi.
Malimau. Namba nane, maji matamu ya kisima
kutoka Kisauni, yamefungwa kwa kitambaa.
Namba nne ilikuja na mtoto ndani,
ameketi, acheka, mama yake hoi:
"Nisamehe, sikuweza kubeba viwili mbalimbali."

Na Shekue, siku hizi ni fundi wa bati,
akaleta namba tisa, ubavu ameunyosha.
Nikamshukuru. Alipoondoka
nikapitisha kidole kulitafuta bonyeo,
nikalikosa, na hapo ndipo nililia,
mimi ambaye Kikowani sikulia.

Namba saba haijarudi. Mwezi wa nne huu.
Mke wangu asema niulizie, ni mali.
Siulizii.
Mahali fulani, Likoni au Changamwe, sijui,
kuna nyumba moja ambayo habari haijafika.
Huko bado wasema: hii ni ya Bi Zuwena,
isugueni vizuri,
Ijumaa tumrudishie mwenyewe.